Baraza la Siri na Kiti cha Mfalme

Twasikia mara nyingi kwamba mfalme wa Kiafrika wa kale alitawala apendavyo, bila wa kumwuliza. Historia ya Oyo, katika nchi ya Wayoruba, yakanusha usemi huo. Huko Alaafin alizungukwa na wakuu saba, Oyo Mesi, wenye uwezo wa kumkataa. Na mfalme aliyekataliwa hakuwa na budi kujiua. Pamoja nao walikuwapo Ogboni, chama cha siri cha wazee, wakiwamo wanawake wachache, walinzi wa Ardhi. Aliyemwaga damu juu yake alihukumiwa nao, na sanamu zao za shaba, mume na mke waliounganishwa kwa mnyororo, zilitambulisha mamlaka hayo.

Twausifu utaratibu huo, lakini si wote. Tangu mwaka 1754 Bashorun Gaha, mkuu wa wale saba, aliigeuza haki ya kumkataa mfalme kuwa silaha yake mwenyewe. Wafalme wakafa mmoja baada ya mwingine, hadi Abiodun alipompindua mwaka 1774. Mashauri yalipofanywa faraghani, raia angepimaje kama mfalme alikataliwa kwa dhuluma yake au kwa tamaa ya Gaha? Na mkulima wa Oyo, ambaye ushuru wake ulizilisha pande zote mbili, angelalamika kwa nani?