Chuo Rahisi Si Sababu ya Kuhama

Kuna ushauri unaosambazwa Kisumu siku hizi ambao umenichosha. Kijana anasoma diploma ya teknolojia ya habari katika chuo cha umma. Masomo ni mepesi, maswali ya mtihani ni yale yale ya mwaka jana, muhula unaisha bila jasho. Akiuliza afanye nini, wajuaji wanamjibu kwa sauti moja: hama! Nenda Nairobi, huko ndiko kuna vichwa.

Mimi napinga. Na napinga kwa hesabu, si kwa mapenzi ya Kisumu.

Tuanze na pesa. Mwaka 2018 serikali iliweka karo ya vyuo vya kiufundi vya umma kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ilichangia 30,000, na 26,420 zilizobaki mwanafunzi aliweza kuzikopa HELB. Mfumo wa ufadhili ulibadilishwa 2023, lakini chuo cha umma kilicho karibu na nyumbani bado ndicho nafuu. Chuo cha kibinafsi Nairobi? Ongeza kodi ya nyumba, chakula na nauli ya matatu kila asubuhi. Halafu kuna hili ambalo wajuaji hawalitaji: chuo kipya huenda kisiyahesabu masomo yote uliyokwisha kufanya. Unarudia somo la "kompyuta ni nini", safari hii kwa bei ya juu! Anayelipa ni mama anayeuza omena, si hao wajuaji.

"Lakini nitapata changamoto." Changamoto gani, ndugu yangu? Itaje kwa jina. Kama ni algoriti au mifumo endeshi, hayo hayajafungiwa Nairobi. MIT ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaweka masomo yake bure kwenye intaneti, na mpaka leo yapo, mengi yakiwa na mazoezi na mitihani. Daraja ya Safaricom ina uwanja wa majaribio usiolipishwa. Andika programu inayopokea malipo ya M-Pesa, kisha ujiulize: itakuwaje taarifa ya malipo ikifika mara mbili? Na isipofika kabisa? Hilo tu litakunyima usingizi wiki nzima. Mimi naishi kwa kuandika programu, nina digrii ya sayansi ya kompyuta, na maswali ya namna hiyo ndiyo yanayonilipa.

"Nahitaji watu walionizidi." Hoja hii ni nzito, naiheshimu. Asiyesahihishwa hujiona bingwa. Lakini watu hao wako hapa hapa. Kuna LakeHub, na kupitia kwao ikaja Zone01 Kisumu mwaka 2024, ambako hakuna mhadhiri wa kukutafunia: mnapewa kazi, mnaandika, mnakaguana.

Wepesi wa chuo ni muda. Mwenzako katika chuo kigumu hana jioni. Wewe unazo tano kwa wiki. Ukizimaliza kwa kubeti, hata Nairobi utafeli, tena ukiwa na deni.

Sisemi usihame kamwe. Hama kama chuo hakitambuliwi: vyuo vya kiufundi ulizia TVETA, vyuo vikuu ulizia CUE. Hama kama hakuna kompyuta za kufanyia kazi. Hama kama unataka kusajiliwa na EBK kuwa mhandisi, maana huko diploma haitoshi. Kama ulipangiwa chuo na KUCCPS, subiri wafungue maombi ya kuhama na uangalie kama alama zako zinafika. Au maliza diploma, kisha uombe digrii Maseno, ama JOOUST kule Bondo.

Lakini kwanza jipe muhula mmoja na programu moja itakayotumiwa na watu wasio ndugu zako. Ukishindwa kwa sababu chuo kimekuzuia, hama. Ukishindwa kwa sababu hukuanza, hakuna chuo kitakachokusaidia.

Haya, nimesema. Mwenye hoja alete, ila aje na hesabu.