Jina la Meli Halilipi Deni

Manowari haiendi vitani kwa mizinga peke yake. Mabaharia wake hula, mitambo yake huhitaji vipuri, na risasi zake huisha. Ndiyo maana nyuma ya manowari hufuata meli nyingine, isiyotajwa sana katika habari za vita: meli ya shehena kavu.

Jeshi la Majini la Marekani lilijengewa meli 14 za namna hiyo mjini San Diego, ya kwanza ikikabidhiwa mwaka 2006. Kila moja ina urefu wa meta 210, na hubeba vyakula, vipuri na risasi. Kazi yenyewe hufanyika bila ya kutia nanga. Meli mbili huenda sambamba, kamba za chuma huunganishwa baina yao, na mizigo huvushwa juu ya maji. Mingine huchukuliwa kwa helikopta. Wengi wa wanaoziendesha ni mabaharia wa kiraia, wala si askari. Bila ya jasho lao, manowari ingelazimika kurudi bandarini mara kwa mara.

Meli ya 13 kati ya hizo ilizinduliwa Novemba 12, 2011, ikapewa jina la Medgar Evers. Aliyeizindua ni mjane wake.

Evers, Mmarekani Mweusi wa Mississippi, aliijua kazi ya shehena. Aliingia jeshini mwaka 1943, akapangwa katika kikosi cha bandari, akatumikia Uingereza na Ufaransa. Katika jeshi lile lililobagua rangi, Weusi wengi walipewa kazi za kubeba na kupakua. Alishiriki kuwakomboa Wafaransa. Lakini mwaka 1946, alipokwenda kupiga kura katika mji wake wa Decatur, alizuiwa na wazungu wenye silaha.

Evers hakunyamaza. Mwaka 1953, Waingereza walipomfunga Jomo Kenyatta, yeye alimpa mwanawe wa kwanza jina la Kenyatta. Mwaka uliofuata akawa katibu wa chama cha NAACP katika Mississippi, akawahimiza Weusi wajiandikishe kupiga kura. Juni 12, 1963, alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Mara mbili katika mwaka 1964, wazee wa mahakama, wote wazungu, walishindwa kuafikiana. Muuaji alitiwa hatiani mwaka 1994.

Je, jina la meli limelipa deni hilo? Heshima hiyo si haba, na ni haki ipewe meli ya huduma. Lakini kubeba shehena si unyonge. Unyonge ni kumpangia mtu mzigo kwa ajili ya rangi yake, kisha kumnyima kura akiutua. Taifa linalotaka kumheshimu mchukuzi wake halina budi kumpa haki yake angali hai. Jina ubavuni mwa meli lije baadaye.