Miaka Kumi ya Simba wa Barafu: Sasa Wapewe Mpinzani

Mwaka huu wa 2026 Kenya Ice Lions, timu ya magongo ya barafuni yenye maskani yake Nairobi, inatimiza miaka kumi. Tunaipongeza kwa niaba ya wasomaji wetu wa Kitui na Makueni. Wala hatumwombi radhi yeyote atakayeuliza watu wa nchi kame kama sisi wanahusikaje na barafu.

Tunahusika kuliko wengi. Habari za theluji iliyolala karibu na ikweta zilipita kwetu pia. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, aliuona mlima ambao leo nchi nzima inaitwa kwa jina lake, kilele chake cheupe. Kivoi hakushangaa, kwa maana ndiye aliyekwisha kumsimulia mgeni wake habari za mlima huo. Walioshangaa walikuwa London, ambako mwanajiografia William Desborough Cooley, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alishikilia kwa miaka kwamba theluji hiyo haiwezekani. Makueni nayo, asubuhi isiyo na wingu, mtu akisimama juu ya vilima vya Chyulu huiona Kilimanjaro bila kulipa kiingilio.

Kwa hiyo mtu akisema barafu si ya Mwafrika, sisi tulishayasikia maneno hayo, na tunajua yaliishia wapi.

Turudi kwa timu yenyewe. Mwaka 2005 jengo la Panari lililo kando ya Barabara ya Mombasa lilifungua uwanja wa barafu, jambo lililokuwa geni katika Afrika Mashariki na ya Kati. Ni barabara yetu hiyohiyo, inayoshuka hadi Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Maelfu ya watu wa Makueni wamepita mbele ya jengo lile wakiwa na magunia ya maembe na machungwa, bila kujua kwamba ndani mna sakafu iliyoganda mwaka mzima.

Sakafu hiyo si muujiza. Chini yake hulazwa mabomba yanayopitisha kimiminika kilichopozwa chini ya nyuzi sifuri, kisha maji hunyunyizwa juu yake tabaka jembamba baada ya tabaka hadi unene ufike sentimita tatu hivi. Umeme ukiwapo, barafu ipo. Umeme ukikatika, hesabu huanza. Yeyote anayeendesha kituo cha kupozea maziwa anaifahamu hesabu hiyo, na ndiyo maana gharama ya saa moja ya mazoezi juu ya barafu haijawahi kuwa ndogo.

Timu ilizaliwa 2016. Msingi wake haukuwa barafu bali lami, kwani wengi wa wachezaji wa kwanza walikuwa vijana wa viatu vya magurudumu, waliozoea kuteleza kwenye mitaa na sakafu za saruji za Nairobi. Walikutana na Wakanada na Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi jijini, watu waliolelewa na mchezo huu, na hao wakawafundisha namna ya kusimama juu ya chuma badala ya gurudumu. Benard Azegere akawa nahodha. Mkanada Tim Colby akawa miongoni mwa makocha. Wanaume kwa wanawake waliingia uwanjani pamoja.

Walichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Uwanja kamili wa mchezo huu una urefu wa mita 60 na upana wa hadi 30, na kila upande huchezesha watu sita, kipa akiwamo. Uwanja wa Panari haukaribii kipimo hicho, kwa hiyo walicheza wachache kwa wachache. Vifaa vingi vilikuwa vya msaada kutoka ng'ambo. Kisahani cha mchezo ni raba ngumu yenye kipenyo cha inchi tatu na unene wa inchi moja, na kikirushwa kwa nguvu mtu asiye na kinga hulala na uvimbe.

Lakini upungufu mkubwa haukuwa wa vifaa. Hapakuwa na mtu wa kucheza naye.

Hili ndilo jambo tunalotaka msomaji alizingatie. Timu nyingine duniani, hata zile za ligi za chini kabisa za Kanada na Marekani, hukamilisha msimu kwa mchujo. Hupimwa kwa nani zilimtoa, nani alizitoa na katika mchezo wa ngapi. Ice Lions haikupata anasa hiyo. Ilikuwa bingwa na mshika mkia wa nchi kwa wakati mmoja, kwa sababu ilikuwa peke yake. Wiki baada ya wiki wachezaji waligawana pande mbili, wakafungana wenyewe kwa wenyewe, wakarudi nyumbani. Mtu anaweza kuifanya kazi hiyo mwezi mmoja kwa furaha. Kuifanya kwa miaka, bila ratiba, bila kombe na bila jedwali la kuonyesha umesimama wapi, kunahitaji tabia ambayo viongozi wetu wa michezo wangefaa kwenda kuitazama.

Mpinzani wa kwanza wa kweli alipatikana umbali wa bahari moja. Mwaka 2018 wachezaji 12 walisafirishwa hadi Toronto, wakavaa mavazi kamili ya mchezo kwa mara ya kwanza, wakapambana na timu ya wazima moto. Upande wa Kenya uliongezewa nguvu na wageni wawili waliokuja bila taarifa, Sidney Crosby wa Pittsburgh Penguins na Nathan MacKinnon wa Colorado Avalanche, watu ambao Kanada hawapiti barabarani bila kusimamishwa. Safari hiyo ilifadhiliwa na kampuni ya migahawa ya kahawa, Tim Hortons, ikapigwa filamu na kuwa tangazo. Wapo walionuna kwamba vijana wetu walitumiwa kuuza kahawa. Sisi hatununi. Kahawa ni zao la Mbooni na Kilungu, nasi tumeuza nyingi kwa bei mbaya zaidi ya hiyo.

Tunachonuna nacho ni kilichofuata hapa nyumbani. Nchi ilitazama ile video, ikacheka, ikasambaziana, kisha ikaendelea na mambo yake. Timu iligeuzwa kioja cha wiki.

Tulikwisha kulifanya kosa hilo. Mwaka 1998 Philip Boit, mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa, alishindana katika mbio za kuteleza juu ya theluji kwenye Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa 92, na mshindi, Mnorwe Bjørn Dæhlie, alimsubiri mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Dunia ilifurahi. Boit alirudi tena 2002 na 2006, kisha Kenya haikuonekana kwenye Olimpiki ya majira ya baridi hadi 2018, alipojitokeza Sabrina Simader, aliyekulia Austria. Miaka 12 ya kimya haikutokana na ukosefu wa vipaji. Ilitokana na kumtegemea mtu mmoja pasipo kujenga chombo cha kumrithi. Ice Lions ndiyo chombo hicho, na thamani yake haimo katika mabao bali katika kuwa na mtu wa kumfundisha mwingine kila wiki.

Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga milango ya kila mahali, na uwanja wa Panari haukusalimika. Timu yoyote inayotegemea sakafu moja tu ya kuchezea ingesamehewa kama ingekufa. Hii haikufa. Milango ilipofunguliwa wachezaji walikuwapo, na watoto wakaongezeka.

Septemba 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la magongo ya barafuni, chombo kilichoundwa 1908. Afrika Kusini imo tangu 1937. Moroko iliingia 2010, kisha Algeria na Tunisia. Ni orodha fupi, na jina letu limo kwa sababu ya watu waliokodi barafu kwa saa.

Tukumbuke pia kwamba magongo si mgeni wa Kenya. Katika Kombe la Dunia la kwanza la magongo ya nchi kavu, lililochezwa Barcelona 1971, Kenya ilishika nafasi ya nne. Waliokuwa wakicheza viwanja vya Nairobi enzi zile walikuwa na kitu ambacho Ice Lions haijawahi kupewa: vilabu vingi vya kukutana navyo kila Jumamosi. Nafasi ya nne duniani ilitengenezwa kwenye mechi hizo ndogo ambazo hakuna anayezikumbuka.

Basi hapa ndipo zamu inapotufikia sisi.

Hatupendekezi uwanja wa barafu Wote wala Mwingi. Kaunti zinazohesabu mitungi ya maji hazina sababu ya kugandisha lita maelfu ili watu wateleze juu yake, na gavana atakayelitaja jambo hilo tutampinga kwenye ukurasa huuhuu. Tunapendekeza magongo ya magurudumu. Ni njia ileile waliyoipitia Ice Lions, na mchezaji aliyekomaa juu ya magurudumu huhamia kwenye barafu kwa muda mfupi.

Kinachohitajika ni sakafu ya saruji iliyosawazishwa vizuri, ya mita 40 kwa 20, kipimo cha uwanja wa mpira wa mikono, yenye ukuta mfupi wa mbao pembeni. Ujuzi wa kuimwaga tunao. Vikundi vya mwethya, yaani vya kazi za pamoja, vimejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu ya Kitui na Makueni kwa miongo, wakipanga mawe na kuchanganya saruji kwa mikono. Sakafu bapa haitawashinda watu hao. Siku ambazo hakuna magongo, shule zitaitumia kwa mpira wa mikono na wa wavu. Msimu wa mavuno, hatuna shaka, mtu ataanika ndengu juu yake, na itabidi tumwombe azizoe kabla ya Jumamosi.

Jukumu hili si hisani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti shughuli na vifaa vya michezo. Makueni imeonyesha kwa Ligi Mashinani kwamba mashindano yanaweza kuanzia wadi na kupanda. Kitui iliuandaa uwanja wa Ithookwe kwa Mashujaa Dei ya Oktoba 2025, na nchi nzima ikaona kwamba palipo na tarehe ya mwisho, kazi humalizika. Tunasubiri kuona kama kazi humalizika pia pasipo na rais wa kumpokea.

Jezi zisiagizwe nje. Kiwanda cha KICOTEC pale Syongila, Kitui, hushona sare, na mwaka 2020 kilishona barakoa wakati nchi ilipozihitaji sana. Jezi za magongo ni pana na zina mikono mirefu, kazi isiyomtisha fundi wa pale.

Watakaofanya vizuri wana njia ya kufika kwenye barafu yenyewe. Treni ya abiria inayosimama njiani huwachukua watu Mtito Andei, Kibwezi na Emali na kuwashusha Nairobi, kwenye stesheni ya Syokimau, na kutoka hapo hadi Panari ni mwendo mfupi wa matatu. Mtoto wa Kibwezi yuko karibu na barafu kuliko watoto wa kaunti nyingi. Wa Kitui atapanda basi, na tunakiri hapo Makueni imebahatika.

Kwa Ice Lions tuna ombi pia. Miaka kumi ya kwanza waliitumia kutafuta mpinzani ng'ambo. Wateremke sasa. Waje na viatu vya ziada na makocha wawili watatu wakati wa likizo ya Agosti, wakae wiki moja Wote na wiki moja Kitui mjini, wawafundishe walimu wa michezo kabla ya kuwafundisha watoto, kwa maana mwalimu hubaki. Wasichana waanze siku moja na wavulana, kama timu hiyo yenyewe ilivyoanza.

Na kwa wasomaji: makadirio ya bajeti za kaunti huwasilishwa kwenye mabunge ya kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na fedha hupitishwa kufikia mwisho wa Juni. Makueni, ambako mapendekezo huanzia kikao cha kijiji, mtu mmoja akisimama na kutaja sakafu ya magongo lazima iandikwe. Kitui ina wadi 40 na Makueni 30. Hatuombi sakafu 70. Tunaomba mbili, moja kila kaunti, zikamilike ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Kisha Kitui na Makueni wakutane kwa mchujo wa michezo mitatu, wa kwanza Wote, wa pili Kitui, na wa tatu, ukihitajika, mahali patakapoamuliwa kwa kurusha shilingi. Mshindi aende Nairobi kukabiliana na Ice Lions.