Ombi la umma lisizimwe kimyakimya

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Mahakama ya Juu, Nairobi

YAH: KESI ZA MASLAHI YA UMMA ZINAZOONDOLEWA KABLA YA KUSIKIZWA



Wapo wanaotaka mlango wa Kifungu cha 22 cha Katiba, kinachomruhusu mtu kushtaki kwa maslahi ya umma, ubanwe, na lalama yao ina ukweli. Zabuni ikitolewa tu, mtu asiyejulikana huwasilisha ombi “kwa niaba ya Wakenya”, akapata amri ya muda na mradi ukasimama. Baadaye huandika barua ya mistari miwili kuliondoa. Hakuwa na haja ya hukumu. Biashara ilikuwa ile amri.

Ila dawa wanayoitaka, yaani mlalamishi athibitishe alivyoumia binafsi au aweke dhamana nzito, itawadhuru walalamishi wa kweli kwanza. Wakazi wa Owino Uhuru hapa Mombasa walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Wangeitoa wapi dhamana? Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka yote hiyo hawakukwepa kusikizwa. Walichotaka ni majibu ya vipimo vya damu yasomwe mbele ya jaji.

Basi mtu asipimwe kwa jina wala kwa mfuko wake wakati wa kuingia. Apimwe anapotaka kutoka. Kanuni ya 27 ya zile kanuni za 2013 za kesi za haki za kikatiba, tulizozoea kuziita za Mutunga, Jaji Mkuu wa wakati huo, tayari inampa jaji uwezo wa kuendelea na kesi hata mlalamishi akitaka kuiacha, mradi sababu ziandikwe.

Naomba majaji waagizwe kuitumia. Anayeondoa ombi aape kwa maandishi kama amelipwa au ameahidiwa chochote, na nani. Pia hati ya kiapo ya mwanzo itaje uhusiano wowote na mzabuni aliyeshindwa, pamoja na anayegharamia kesi. Kufadhiliwa si kosa, mashirika mengi ya haki yana wafadhili. Kuficha ndiko kunakotutia shaka.

Ada ya kufungua maombi haya Katiba imeikataza. Tafadhali isirudishwe kwa jina la dhamana.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mombasa