Elfu Mbili Hazitoshi: Ni Wangapi Wanaohitaji Nyongeza?

Ndugu wapenda haki, tunaomba tufanye pamoja hesabu ambayo wakubwa wetu hawapendi kuifanya hadharani.

Tangu mwaka 2018, kila Mkenya aliyetimiza miaka 70, na asiyepokea pensheni ya serikali, ameahidiwa shilingi 2,000 kwa mwezi chini ya mpango wa Inua Jamii. Hatuudharau mpango huo. Haumwulizi mzee kabila lake wala chama alichokipigia kura. Kigezo ni umri na kitambulisho. Kwa sisi tuliodaiwa kadi ya KANU hata langoni mwa soko, hilo si jambo dogo. Lakini unga, mafuta ya taa na kodi ya nyumba vimepanda mara ngapi tangu mwaka huo, ilhali elfu mbili zimebaki elfu mbili?

Mfikirie ajuza wa Kangemi anayepanga chumba cha mabati upande wa mtoni, akilea wajukuu wawili waliofiwa na mama yao. Fedha zile humalizwa na mwenye nyumba kabla hajanunua hata pakiti moja ya unga. Kisha augue. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, asiye na mshahara huulizwa juu ya paa lake, choo chake na nishati anayopikia, na kutokana na majibu hayo hukadiriwa mchango wake. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, tena hutakiwa za mwaka mzima: 3,600. Malipo ya Inua Jamii ya miezi miwili ni 4,000. Toeni wenyewe.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 yasema wasiojiweza walipiwe na serikali. Basi katika wazee wa Inua Jamii, ni wangapi waliolipiwa, na ni wangapi walioachwa? Chombo cha kupima umaskini kipo, na kimeonyesha kwamba chaweza kumfikia mnyonge anapotakiwa kutoa. Tunataka kimtafute kwa bidii iyo hiyo anapostahili kupewa.

Wapo wenzetu wasemao kwamba kumpima maskini ni kumdhalilisha, na kwamba kila fomu humfungulia mla rushwa mlango. Hawakukosea. Ndiyo maana tunasema kwanza kiwango cha wote kipandishwe, bila mzee yeyote kulazimishwa kuthibitisha dhiki yake. Hata hivyo, anayepanga na kulea yatima hatafanana kamwe na mwenye shamba na watoto wenye kazi. Yeye atahitaji nyongeza, nayo leo humjia kama hisani: barua ya chifu, basari ya mjukuu kwa mkono wa mwanasiasa, unga wa msimu wa kampeni. Atoaye hisani hurudi kudai kura. Je, tulipigania vyama vingi ili wagawaji wa unga wawe wengi tu?

Papa Fransisko alipofika Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi hapa Kangemi, tarehe 27 Novemba 2015, alikemea dhuluma wanayotendewa maskini wa mijini. Tulipiga vigelegele, kisha tukarudi katika jumuiya zetu ndogo ndogo kupitisha kapu lile lile la mchango. Kapu ni jema, na tutaendelea kulipitisha. Lakini Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kiliiagiza serikali, si kapu, kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu.

Kwa hiyo katika baraza lijalo, na kila tutakapoitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, tuulize idadi tatu za wodi ya Kangemi: wanaopokea Inua Jamii, waliolipiwa bima na serikali, na waliotimiza miaka 70 wasiandikishwe. Kila jumuiya iende na hesabu ya wazee wake mkononi, ili ikiambiwa kwamba takwimu hazipo, iziweke mezani.