Sarafu za michezo: tununue historia, tuache boksi

Katika makundi ya WhatsApp ya vijana wa parokia zetu limekuwa likizunguka tangazo la sarafu za Kombe la Dunia. Picha inaonyesha boksi la mahameli mekundu, ndani yake sarafu za rangi ya dhahabu zenye kombe na mpira, na pembeni cheti chenye muhuri. Bei yake ingenunua mifuko kadhaa ya saruji. Maelezo yanasema toleo ni la idadi ndogo, na anayenunua leo atauza mara tatu baada ya miaka mitano. Wapo waliotuuliza kama huo ni uwekezaji mzuri. Jibu letu ni hapana. Lakini hatupendi mtu aondoke hapa akidhani kukusanya sarafu za michezo ni upuuzi, kwa sababu ni moja ya burudani nzuri tunazozijua, na mtu mwenye mfuko mwepesi anaiweza.

Tuanze na lile boksi. Sarafu ya kweli hutolewa na mamlaka ya nchi, kwa hiyo hubeba jina la nchi na thamani yake: markka 500, peso 25, ruble 1. Kitu cha duara chenye kombe na mpira, kisicho na nchi wala thamani, ni medali au pambo, na mara nyingi ni madini ya bei rahisi yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Lipo pia kundi linalowachanganya hata wazoefu: sarafu zenye jina la nchi na thamani, ila nchi hiyo imekodisha tu jina lake kwa kiwanda kilicho mbali, na sarafu zenyewe hazikuwahi kufika sokoni kwao. Kisheria ni halali. Sisi hatuzitafuti.

Kuhusu ahadi ya kupanda bei, historia ya sarafu za Olimpiki inajibu vizuri kuliko sisi. Finland ilitoa sarafu ya markka 500 kwa ajili ya michezo ya Helsinki ya 1952, na ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Olimpiki za kisasa. Zenye mwaka 1951 hazifiki 20,000. Zenye mwaka 1952 ni zaidi ya nusu milioni. Sura ni ile ile, madini ni yale yale, lakini ya 1951 inauzwa ghali mara nyingi zaidi. Canada nayo, kati ya 1973 na 1976, ilitoa sarafu 28 za madini ya fedha ili kuchangia gharama za michezo ya Montreal. Watu wa nchi nyingi wakazinunua na kuzifungia kabatini wakingoja zipande. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa amezifungia kabatini, leo nyingi huuzwa kwa bei ya uzito wa fedha iliyomo, basi. (Deni la uwanja wa michezo ile lilimalizika kulipwa mwaka 2006, miaka 30 baadaye. Sarafu zilisaidia, hazikutosha.)

Marekani ilipita hapo hapo. Kwa ajili ya Atlanta 1996 ilitoa sarafu za aina 16, kila aina kwa ubora wa namna mbili. Wakusanyaji wakachoka, nyingi zikakosa mnunuzi. Kichekesho ni kwamba baadhi ya zile zilizodharauliwa ndizo zinazotafutwa sasa, kwa kuwa ni chache zilizonunuliwa. Muuzaji anayewaambia watu mia tatu kwenye kundi moja kwamba "wahini wote, zitakuwa adimu" anajipinga mwenyewe ndani ya sentensi moja.

Kinachotuvutia sisi ni kitu kingine. Sarafu ya miaka 50 ya uhuru inakumbuka jambo lililokwisha kutokea. Sarafu ya michezo hutengenezwa kabla. Haijui nani atashinda, nani atasusia, nani hatarudi kwao akiwa hai. Aliyeichora alichora tumaini, na sisi tunaoishika baada ya nusu karne ndio tunaojua kilichofuata.

Chukueni marki 10 za Ujerumani Magharibi, za michezo ya Munich ya 1972. Toleo la kwanza liliandikwa kwamba michezo itafanyika "in Deutschland", yaani Ujerumani. Ujerumani Mashariki ikalalamika, kwa kuwa nayo ilikuwa Ujerumani, na maneno yakabadilishwa kuwa "in München". Mkusanyaji huifurahia tofauti hiyo ya neno moja kama mtoto aliyeokota shilingi. Lakini hakuna sarafu ya mfululizo ule iliyojua kwamba tarehe 5 Septemba wanamichezo na makocha 11 wa Israeli wangevamiwa kijijini mwao, na wote kuuawa. Wala hazikujua furaha ya kwetu: kwamba John Akii-Bua wa Uganda angeshinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na Kipchoge Keino wa Kenya angechukua dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji.

Hapo ndipo tunapotaka vijana wetu wasogee karibu. Mtanzania anayetaka kuanza hana haja ya boksi la mahameli. Sarafu tatu za nchi za wenzetu zinatosha kusimulia historia yetu, ingawa hakuna hata moja yenye jina la Tanzania.

Ya kwanza ni peso 25 za Mexico za mwaka 1968. Ni kubwa, ya madini ya fedha, ina picha ya mchezaji wa mpira wa kale wa watu wa nchi ile pamoja na pete za Olimpiki. Zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo si adimu. Katika mbio za marathoni za michezo hiyo, John Stephen Akhwari aliumia njiani, akaendelea. Aliingia uwanjani mguu ukiwa umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, na alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Watu wengi duniani wanamkumbuka Akhwari kuliko wanavyomkumbuka mshindi.

Ya pili ni yoyote kati ya zile 28 za Montreal. Mwaka 1974 kule Christchurch, Filbert Bayi alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akimwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake. Dunia ilikuwa ikingoja wakutane tena Montreal. Hawakukutana. New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, nchi nyingi za Afrika zikasusia michezo, Tanzania ikiwemo, na Walker akashinda bila Bayi. Sarafu zile zilikuwa tayari zimeshauzwa. Ukiishika moja leo unashika michezo ambayo sisi hatukwenda, na tunadhani vijana wanapaswa kujua kwa nini hatukwenda na ni nani aliyelipa gharama ya uamuzi ule.

Ya tatu tunaipenda kuliko zote, nayo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote: ruble 1 ya Moscow 1980. Haina fedha wala dhahabu, ni sarafu ya kawaida. Iliyotoka mwaka 1978 ina picha ya Kremlin, na kwenye baadhi yake saa ya mnara ina kosa: penye namba IV ya Kirumi pameandikwa VI. Wakusanyaji huichunguza saa hiyo kwa kioo cha kukuzia. Moscow ndiko Bayi alikopata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000. Tangu hapo hadi michezo ya Paris ya 2024, Tanzania haikupata medali nyingine ya Olimpiki. Ni ruble moja tu, jamani.

Tuna pendekezo pia kwa benki zetu kuu. Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa fainali za AFCON za 2027. Kutengeneza sarafu za kumbukumbu si jambo geni kwetu: Uganda ilitoa mfululizo wa fedha na dhahabu kwa ziara ya Papa Paulo VI mwaka 1969. Ila za namna hiyo huishia kwenye makabati ya wachache. Uingereza ilifanya vizuri zaidi kwa London 2012: sarafu 29 za peni 50, kila moja na mchezo wake, zikaingizwa kwenye mzunguko wa kawaida. Ya riadha ilichorwa na mtoto wa shule aliyeshinda shindano la televisheni. Ya mpira wa miguu ina mchoro unaofafanua sheria ya kuotea, jambo ambalo hata baadhi ya waamuzi wetu wa Jumapili lingewafaa. Watoto walizipata kama chenji dukani. Shilingi 500 yetu ingeweza kubeba mchoro kama huo, na mkusanyaji wa kwanza angekuwa mtoto aliyetumwa chumvi.

Yako pia yaliyo ndani ya uwezo wetu tayari. Wahazini wa parokia wanajua kwamba kwenye kapu la sadaka hudondoka sarafu za kigeni, za wageni au za ndugu waliorudi safari. Maduka ya kubadilisha fedha hayazitaki, hivyo hukaa kwenye kopo sakristia hadi zisahaulike. Halmashauri ya walei ingeweza kuwaachia VIWAWA au TYCS wazipange na kuziorodhesha, kwa idhini ya paroko na kwa maandishi, kwa sababu sadaka ni sadaka. Ikitokea moja ina thamani, iuzwe na pesa irudi kwa mhazini. Zilizobaki ziwekwe maktaba ya shule au seminari.

Kwa watakaoanza: msizisugue kwa majivu, limau wala dawa ya meno. Sarafu iliyong'arishwa hupoteza thamani mbele ya mnunuzi yeyote anayejua kazi yake, na mikwaruzo haitoki. Ishikeni pembeni, iwekeni kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na daftarini andikeni nchi, mwaka, thamani, kisha mistari miwili ya kilichotokea michezo ilipofika.