Hadithi ya Pamoja Ina Zamu



Likizo ikifika, simu za vijana wetu hujaa hadithi. Mmoja anachukua watu wa telenovela ambayo wote wameitazama, anawaandikia mwanzo mpya, anautuma katika grupu la WhatsApp. Mwenzake anaandika kipande cha pili, mwingine cha tatu. Katika nchi nyingine kazi hii huitwa hadithi za mashabiki. Maktaba yao kubwa ya intaneti, Archive of Our Own, ilifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo. Katika Kiswahili nako, kuendeleza maneno ya mwenzako ni jambo la zamani. Washairi wa Mambo Leo, gazeti lililoanza Tanganyika mwaka 1923, walijibizana humo kwa mashairi.

Tunaupenda mchezo huu. Mtoto anayeandika anajifunza kusoma vizuri na kufikiri mbele. Lakini grupu nyingi huvunjika kwa manuniko, kwa sababu hakuna aliyesema sheria mapema. Sisi wamama tunajua likelemba: inadumu kwa kuwa kila mmoja anajua zamu yake, na hakuna anayegusa fungu la mwenzake. Hadithi ya pamoja nayo iendeshwe hivyo.

Kwanza, omba ruhusa. Aliyeanzisha hadithi ndiye mwenyewe. Ukitaka kuiendeleza au kuipeleka grupu lingine, muulize, na uandike jina lake juu. Hata sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi.

Pili, ngoja zamu. Hapa Bunia umeme unakatika na mega ni pesa. Mwenzako akinyamaza, usidhani amechoka. Pataneni kwamba kila mtu ana siku tatu. Zikipita, mwulizeni kwanza kabla ya kumruka.

Tatu, usimuue mtu aliyeletwa na mwenzako, wala usimgeuze mwizi au malaya bila kupatana. Kuna msichana aliyemtunza mtu huyo katika kichwa chake kwa majuma mengi.

Nne, makosa yasahihishwe kando. Mwandikie mwenyewe, anza na kilichokupendeza, kisha sema kilichokukwaza. Kumcheka mtu kwa tahajia mbele ya watu hamsini ni kumfunga mkono asiandike tena.

Tano, na hili tunaomba msilipuuze: kila kipande kiandikwe HADITHI juu kabisa, na kisitaje kartie ya kweli, jirani wa kweli, wala kabila la mtu mbaya. Tuseme kijana anaandika kwamba usiku huu risasi zinalia Mudzi Pela na watu wanakimbia. Ndani ya grupu wote wanajua ni mchezo. Lakini mtu mmoja anakitoa kipande hicho peke yake na kukituma kwa shangazi yake. Shangazi hakuona mwanzo. Anawatumia wenzake kumi, na kabla ya saa moja kupita kuna mama anayefunga godoro na kuwabeba watoto gizani.

Mji wetu haukosi sababu ya kuamini habari ya namna hiyo. Tulipita vita vya 1999 hadi 2003, na tangu mwisho wa 2017 Djugu imetuletea ndugu wengi waliokimbia. Wengine bado wanalala katika kambi ya Kigonze. Ukiandika kwamba muuaji ni wa kabila fulani, msomaji wa kabila hilo hasomi hadithi tena, anasoma shitaka juu ya baba yake. Na aliyepoteza watu wake anafunuliwa kidonda. Kwa hiyo, anayetaka kuandika juu ya vita aulize grupu kwanza, na mtu akisema hawezi kusoma, asilazimishwe kueleza sababu. Tena Sheria ya Mambo ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu wanaosambaza habari za uongo, na ni vigumu kujitetea kwamba ulikuwa ukicheza wakati neno HADITHI halikuwepo.

Wamama, hatuwaombi kuwanyang'anya watoto simu. Jioni moja, mwombe binti yako akusomee kipande alichoandika, kwa sauti. Sikiliza mpaka mwisho ndipo umuulize: mwenye hadithi anajua? Mtu akikipata kipande hiki peke yake, ataelewa nini? Kisha sheria hizi tano ziandikwe na kubandikwa katika maelezo ya grupu, ili anayeingia leo azikute pale. Ambaye tayari ameandika jina la jirani alifute leo, aweke jina la kubuni, hadithi iendelee.